Kuwaenzi wanamichezo, makocha na timu za kata: mwongozo kamili, kuanzia daftari hadi siku ya sherehe

Wilaya za Mbulu, Karatu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, zimetoa wakimbiaji wanaojulikana zaidi ughaibuni kuliko kwa watoto wanaosoma leo katika shule walizosoma wao. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Hao angalau wameandikwa. Nyuma yao wako wengi ambao hawakuandikwa popote: msichana aliyeshika nafasi ya pili UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) taifa akarudi nyumbani kulima, mwalimu aliyefundisha mbio kwa stopwochi aliyoinunua mwenyewe, timu ya netiboli iliyochukua kombe la wilaya kisha ikasambaratika wasichana walipoolewa. Vyeti vyao viko chini ya godoro, vinaliwa na mende.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kata ya vijijini yenye vijiji vitatu hadi sita na isiyo na fungu la bajeti kwa kazi hii. Msingi wake ni huu: andikeni rekodi kwanza, sherehe iwe mwisho. Kata nyingi huanza na mahema, spika na mgeni rasmi, halafu wiki moja kabla ya siku yenyewe ndipo mtu anauliza, "Hivi huyu alishinda mwaka gani?" Hapo majina hukosewa, wengine husahaulika, na wanaosahaulika huwa ni walewale kila mara: wanawake, makocha na wachezaji wa akiba.

Kamati

Watu 7 wanatosha. Mwenyekiti awe mtu anayeheshimika asiyegombea chochote, kwa mfano mwalimu mstaafu. Mtendaji wa kata awe katibu, kwa sababu yeye ndiye mwenye muhuri na kabati. Waliobaki: mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, mwenzake wa sekondari, mwanamichezo wa zamani wa kiume, mwingine wa kike, na mzee anayezijua koo na vitongoji. Diwani awe mlezi, asiwe mjumbe. Akiwa mjumbe, baada ya uchaguzi ubao utaitwa ubao wa fulani, na atakayemrithi hatakuwa na hamu ya kuutunza.

Pelekeni wazo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mpate muhtasari uliosainiwa. Kisha lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji na wananchi waombwe majina. Wekeni kanuni moja tangu siku ya kwanza: mjumbe ambaye ndugu yake anajadiliwa anatoka nje, na muhtasari unaandika kwamba alitoka.

Tengeni miezi mitano. Kama sherehe ni Agosti, kazi ianze Machi. Kwa nyanda za Mbulu na Karatu, Julai na Agosti ni wakati mzuri: mvua zimekatika, mahindi na maharage yanavunwa au yameshaingia ndani, na matokeo ya UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA, ambayo kwa kawaida huchezwa katikati ya mwaka, bado ni mabichi. Epukeni siku ya mnada, na ulizeni makanisa na misikiti kabla ya kutangaza tarehe. Mkichagua Jumamosi, kumbukeni Wasabato wa kata yenu.

Vigezo viandikwe kabla ya majina

Mkianza na majina, vigezo vitashonwa vimfae mtu fulani, na kijiji kizima kitajua. Andikeni ukurasa mmoja, ubandikwe ofisi ya kata na kwenye kila ofisi ya kijiji kwa siku 14 kabla ya kupokea pendekezo lolote.

Kwa mwanamichezo: awe amezaliwa, amesoma au ameishi katani kwa miaka isiyopungua mitano, na awe amefika ngazi ya mkoa au zaidi. Mchezo wowote unaochezwa kwa kanuni zinazojulikana uhesabiwe, ukiwemo mpira wa wavu, kuvuta kamba, bao, na michezo ya watu wenye ulemavu. Msipoandika hivyo, mpira wa miguu utameza nafasi zote.

Wekeni pia nafasi moja kila mwaka kwa mtu ambaye hakushinda ila moyo wake wa kimichezo unajulikana. Akhwari aliingia uwanjani Mexico zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Kwa kigezo cha medali peke yake angeachwa nje ya ubao wa kwao.

Kwa timu: ubingwa wa wilaya au zaidi, au kudumu miaka 10 mfululizo ikishiriki mashindano. Kombe la mbuzi la kijijini halitoshi peke yake, lakini liandikwe kwenye daftari. Ndilo historia ya mchangani.

Kwa kocha: miaka 7 ya kufundisha, na angalau wanamichezo watatu aliowatoa hadi ngazi ya mkoa. Hapa ongezeni kazi ambayo kamati nyingi huiruka. Wajumbe wawili, mmoja akiwa mwanamke, wazungumze na wanafunzi wake wa zamani wasiopungua watano, mmoja mmoja, faragha, wake kwa waume. Wawaulize aliwatendeaje, kambini walilalaje, nani alisafiri na nani. Ikisikika tuhuma ya kumdhuru mtoto, jina linasimama hapohapo. Kamati isichunguze, isisuluhishe, wala isimwite kocha kumuuliza. Taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Kumpandisha jukwaani mtu wa namna hiyo ni kumwambia aliyeumizwa kwamba kijiji kimechagua upande.

Daftari

Nunueni kaunta buku mbili nene zenye jalada gumu. Moja ni ya ofisi ya kata, nyingine ni nakala inayokaa shule ya sekondari. Wino uwe wa kalamu nyeusi isiyoyeyuka kwa maji. Jaribuni kwa kuandika kwenye kipande cha karatasi, kukausha na kudondoshea tone. Kila mtu apewe ukurasa wake mzima, na kila ukurasa uwe na mambo haya: majina matatu, jina analojulikana nalo, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji, shule, mchezo, mashindano, mahali na mwaka, matokeo, kocha wa wakati ule, ushahidi uliopo, na majina ya wajumbe wawili waliouona.

Jina ndilo linalokosewa zaidi. Majina ya Wairaqw yana herufi ambazo mafundi wa mabango wa mjini huzipunguza: hh hugeuka h moja, q hugeuka k, tl hubaki t. Ya Wadatoga yanayoanza na Gida kwa wanaume na Uda kwa wanawake hukatwakatwa ovyo. Mwandikeni mtu kama anavyojiandika mwenyewe, si kama mwalimu mkuu alivyomsajili. Mpeni karatasi, aandike kwa mkono wake kwa herufi kubwa, asaini. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ukurasa wake. Kwa mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa, andikeni yote mawili: lile alilokimbilia na analotumia sasa. Vinginevyo binti yake atasoma ubao bila kumtambua mama yake.

Kwenye matokeo, wekeni nafasi na muda, si kimoja. Marathoni ya ubingwa wa dunia wa Tokyo 2025 inaonyesha sababu: Alphonce Simbu wa Singida na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa saa 2:09:48, na mmoja ndiye bingwa. Andikeni pia muda ulipimwaje. Rekodi ya Bayi ilisomeka 3:32.16 kwenye mashine ya umeme, ikaandikishwa 3:32.2 kwa taratibu za wakati ule. Msomaji asiyejua atadhani kuna uongo. Kwa mbio za kijijini, ambazo umbali wake ulipimwa kwa mita ya pikipiki, andikeni nafasi na jina la mbio tu. Msiandike kamwe "rekodi" kwa njia ambayo haikupimwa.

Ushahidi na jinsi ya kuupata

Yako madaraja matatu. La kwanza ni matokeo yaliyochapishwa, cheti chenye jina, au kombe lililochongwa maandishi. La pili ni picha, kipande cha gazeti, barua ya mwaliko wa kambi, fomu ya usajili ya timu. La tatu ni maneno ya mashahidi wawili wasio ndugu, waliokuwepo siku ile. Ushahidi mmoja wa daraja la kwanza unatosha. Ukikosekana, tafuteni viwili vya madaraja mengine, kimoja kikiwa cha daraja la pili. Medali peke yake ni ushahidi dhaifu, maana nyingi hazina jina. Igeuzeni nyuma: mara nyingi mashindano na mwaka viko huko.

Mkitafuta kumbukumbu za serikali, kumbukeni kwamba Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Matokeo ya mkoa ya zamani ya Mbulu na Hanang yako kwa jina la Arusha. Karatu nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu kabla ya kuwa wilaya, hivyo mwanamichezo wa Karatu wa miaka ya 1970 atafutwe kwenye mafaili ya Mbulu. Watu wengi wameambiwa "hakuna kitu" kwa sababu tu walifungua kabati lisilo lake. Anzeni na afisa michezo wa halmashauri, kisha ofisi ya elimu, kisha vitabu vya kumbukumbu vya shule. Kwa riadha ya kitaifa, barua iende Riadha Tanzania. Kwa soka, chama cha wilaya kilicho chini ya TFF, shirikisho la soka la taifa.

Msichukue cheti wala medali ya mtu kwenda nayo ofisini. Pigeni picha hapohapo nyumbani kwake. Kiwekeni kwenye meza karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi, halafu pigeni na upande wa nyuma. Picha ya zamani iliyonata kwenye kioo cha fremu isibanduliwe, itachanika uso. Ipigeni juu ya kioo kwa kuinamisha simu kidogo ili mwanga usirudi. Cheti cha zamani kisifanyiwe lamineshani: joto la mashine hukikunja, na kikishaingia ndani ya plastiki hakitoki tena. Wekeni kwenye bahasha ya karatasi ndani ya bati la biskuti.

Kila mtu asaini kibali cha picha na maelezo yake kutumika. Kwa aliye chini ya miaka 18 asaini mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, picha ya mtoto wa watu haibandikwi ukutani bila wazazi kuulizwa. Kwa marehemu, ombeni familia, na mhakikishe mnaongea na mke au mume na watoto, si kaka mkubwa peke yake.

Orodha ikikamilika, ibandikeni siku 21 kwa pingamizi. Pingamizi lije kwa maandishi, na lijibiwe kwa maandishi.

Ubao

Ubao unaofaa kata ni wa upana wa sentimita 240 na kimo cha sentimita 120, ukiwa na fremu. Badala ya kupaka majina moja kwa moja, tengenezeni vibao vidogo, kila jina na kibao chake: urefu sentimita 110, kimo sentimita 4.5, unene sentimita 1. Kichwa cha ubao kikichukua sentimita 25 na pambizo 10 juu na 10 chini, mnabaki na nafasi ya mistari 15 kwa safu mbili, yaani majina 30. Mkianza na 10 na kuongeza 4 kila mwaka, ubao unajaa baada ya miaka mitano.

Faida ya vibao ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jina likikosewa, mnabadilisha kipande kimoja. Mwanamichezo akifungiwa kwa dawa zilizokatazwa na matokeo yake kufutwa, kibao kinashuka bila kukwangua ukuta. Andikeni kanuni hiyo mapema ili isionekane ni chuki kwa mtu. Na fundi anaweza kuandikia kwake, nanyi mkakagua kila kibao mkononi, mkilinganisha na ile karatasi iliyosainiwa, kabla hakijafungwa.

Kwa mbao, mninga au msaji hudumu. Saiprasi inapatikana kirahisi nyanda za juu na ni nafuu, lakini lazima ikauke vizuri na ipakwe dawa ya mchwa mara mbili pande zote, hasa kwenye vichwa vilivyokatwa. Huko ndiko maji na wadudu huingilia. Ubao mbichi utajikunja miezi mitatu baada ya sherehe. Herufi ziwe za kimo cha sentimita 3, za rangi ya mafuta, nyeupe au njano juu ya kijani kibichi au bluu nzito, kisha vanishi juu. Stika za kubandika ni rahisi na zinang'aa siku ya kwanza, ila hupauka na kubanduka pembe.

Ufungeni kwenye veranda ya shule au ofisi ya kata, ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Ukingo wa chini uwe sentimita 110 kutoka sakafuni ili mtoto wa darasa la tatu asome bila kushika. Tumieni fisha na skrubu zisizoshika kutu, na kati ya ubao na ukuta acheni nafasi ya sentimita 2 hewa ipite. Ubao uliogusa ukuta huoza kwa nyuma, na mchwa hupanda bila kuonekana.

Timu nzima haienei kwenye kibao. Andikeni jina la timu, mashindano na mwaka. Majina yote, kuanzia nahodha hadi wa akiba, kocha na mtunza vifaa, yawe kwenye daftari, na kila mmoja apewe cheti chake. Cheti kimoja cha timu nzima huishia nyumbani kwa nahodha.

Fedha na zawadi

Nusu ya fedha iende kwenye daftari, ubao na vyeti, na ilipwe kwanza. Robo iwe ya zawadi. Inayobaki ndiyo ya chakula, usafiri na vipaza sauti. Michango yote ikatiwe stakabadhi, hata gunia la mahindi, na orodha isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Ahadi ya mdau isitangazwe jukwaani kabla haijawa mkononi. Mwanamichezo aliyeahidiwa pikipiki mbele ya umma na asiipate amedhalilishwa kuliko asiyeahidiwa kitu.

Kwa chakula cha watu 200: mchele kilo 25 na nyama kilo 12 hadi 15 kwa pilau, pamoja na maji ya kunywa lita 200. Wanaoenziwa na familia zao wapakuliwe kwanza, kabla ya wageni wa serikali.

Zawadi ifanane na mtu. Mzee avishwe mgolole, mama apewe kitenge au khanga na blanketi. Kijana anayekimbia bado apewe viatu vya mbio, na ulizeni namba yake kabla. Kocha apewe stopwochi, filimbi na koni 12. Timu ipewe mipira miwili. Mkitoa fedha, iwe kiasi kilekile kwa wote wa kundi moja, ndani ya bahasha, bila kutangazwa. Mbuzi hai ni zawadi nzuri kwa anayeishi palepale, ni mzigo kwa aliyekuja na basi kutoka Arusha.

Vyeti vichapwe kwenye karatasi ya gramu 250 au 300. Kabla ya kuchapa, mwenye jina asome rasimu.

Siku yenyewe

Ifungeni pamoja na fainali ya mashindano ya kata au mbio za watoto. Mkusanyiko mnao tayari, na watoto wanawaona wanaoenziwa wakiwa bado na vumbi la uwanjani miguuni. Toeni taarifa polisi mapema, hasa kama mtatumia barabara.

Mbio au mechi zianze saa 3 asubuhi, ziishe saa 6. Kusoma wasifu na kukabidhi vyeti kuanze saa 6:30 na kusizidi saa moja na nusu. Kwa watu 10 na timu 2 inawezekana, mkimpa kila mmoja dakika 6. Hotuba ziwe mbili tu: mwenyekiti dakika 5, mgeni rasmi dakika 10, naye azungumze baada ya vyeti kutolewa. Akizungumza kabla, wazee wanakaa juani wakisubiri, na ratiba ikiteleza kinachokatwa ni wasifu wao. Mwambieni hivyo kwenye barua ya mwaliko, kwa heshima, naye atapanga hotuba yake.

Wasifu uwe wa maneno 60 hadi 80, wenye tarehe, mahali na matokeo, bila sifa za jumla kama "hodari" na "mahiri". Mfano, tukichukua mtu ambaye rekodi yake inajulikana:

"Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata, naye pia akiwa ndani ya rekodi ya zamani. Mwaka 1980, Moscow, Bayi alipata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 3000 kuruka viunzi na maji."

Msomaji awe mtu wa hapo hapo anayeyatamka majina ya kwao sawasawa. Mshereheshaji wa mjini aachiwe muziki na matangazo. Kila anayeitwa asindikizwe jukwaani na mwanafunzi mmoja wa shule aliyosoma yeye. Kwa mzee wa magoti, jukwaa limfuate alipoketi. Kocha aitwe pamoja na wanamichezo aliowafundisha, wasimame nyuma yake. Kwa marehemu, cheti kipokewe na mtu aliyeteuliwa na familia kwa maandishi siku saba kabla.

Baada ya sherehe

Ndani ya wiki mbili, kamati isome mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji, ijaze daftari na kupeleka nakala ya majina kwa afisa michezo wa halmashauri. Picha zote zihifadhiwe sehemu tatu: simu ya katibu, flashi ndani ya kabati la shule, na barua pepe ya kamati, ambayo nywila yake wanaijua watu wawili.

Kila Januari mwalimu wa michezo akague ubao: afute vumbi kwa kitambaa kikavu, akaze skrubu, aangalie nyuma kama kuna njia za mchwa, na apake vanishi panapopauka. Ubao ukibakiwa na nafasi tano, agizeni wa pili kwa fundi yuleyule na kwa vipimo vilevile, mbao zipate muda wa kukauka.